Salamu Zisizotaja Ng'ombe

Chuo cha Mifugo Kwemvule,
Handeni,
12 Februari 2024.

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mama mdogo Grasiana, na kwamba goti lake limepungua uvimbe tangu Krismasi. Sisi huku tu wazima. Baba yuko Kwaluguru na hajambo. Nilikwenda kumwona Jumapili baada ya ibada nikamkuta akibadilisha miiba ya zizi, huku akiwagombeza vijana kwamba wanashika panga kama vijiko. Ng'ombe hawajambo. Majani yapo na maji yapo.

Nimefuata agizo lako kwamba mambo ya chuo nisikutumie kwa simu. Bahasha hii inakuja kwa basi la asubuhi, na kondakta nimempa namba ya mama mdogo ili ampigie akifika stendi ya Korogwe.

Ndani utakuta rasimu ya mpango wa chuo wa miaka mitano. Wewe ni mwenyekiti wa bodi nami ni mkuu wa chuo, lakini kabla ya hayo mimi ni mwanao, kwa hiyo nakuomba uisome kabla wajumbe wengine hawajaiona. Hali unaijua. Chuo hiki kilijengwa kwa ajili ya watoto wa wafugaji, na hao hao ndio wanaotukimbia. Ikifika Juni wanafuata mifugo kwenye ronjo, zile kambi za kiangazi; wakirudi Oktoba wanakuta majina yao yamekatwa kwa utoro. Mabweni mawili nimeyafunga. Mamlaka ya usajili imeandika kwamba ifikapo mwisho wa Novemba tuwe na mpango uliopitishwa na bodi, la sivyo mwakani hatutapokea mwanafunzi mpya hata mmoja. Chuo kisichopokea wanafunzi unajua mwisho wake.

Ninachopendekeza ni hiki. Nadharia ya miezi ya kiangazi isomwe huko huko ronjo, kwa masomo ya sauti yanayosikilizwa kwenye simu. Siku hizi kila ronjo ina simu na kipande cha sola cha kuichaji. Vitendo vifanyike kwa ng'ombe wa boma analoishi mwanafunzi. Mwanafunzi atume taarifa za boma hilo, yaani magonjwa, dawa zilizotumika, idadi ya mifugo, na mwalimu wetu wa kompyuta, Muhsin, azipokee hapa. Mwaka huu tufanye jaribio. Naomba uliweke jambo hili kwenye ajenda ya Aprili.

Mimi mwanao,
Sipora Lekakeny.


Masuguru,
Korogwe,
3 Machi 2024.

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Goti la mama yako mdogo limepona. Sasa linalouma ni la pili, naye anasema hiyo ndiyo haki kati ya magoti. Kaka yangu, baba yako, alipita hapa wiki iliyopita akitoka mnadani. Tulikunywa chai, nikamuuliza habari za ng'ombe, akasema wapo. Sikuuliza zaidi. Mtu wa kwetu haulizwi wako wangapi. Mwenye kuwahesabu kwa sauti anawaitia fisi na maradhi. Ndivyo tulivyolelewa, na ubatizo haukulifuta hilo, wala mimi sikujaribu kulifuta.

Rasimu yako nimeisoma ukurasa kwa ukurasa nikiwa na kalamu nyekundu. Marekebisho nimeyaandika upya kwenye karatasi mbili zilizomo humu. Rasimu yenyewe nimebaki nayo. Neno "jukwaa" umelitumia mno, kana kwamba chuo ni kikundi cha ngoma. Sentensi ya kwanza ya sura ya pili haina kitenzi. Sikukufundisha hivyo ulipokuwa unakaa hapa ukisoma sekondari.

Sasa jambo lenyewe. Nimekuwa mwalimu miaka mingi kuliko umri wako. Chuo ni kengele. Chuo ni kuita majina asubuhi. Chuo ni mwalimu anayeuona uso wa mwanafunzi asiyeelewa, hata kama mwanafunzi huyo anatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Simu haioni uso. Tena mimi nikikosea ubaoni, mtoto wa mbele atanyoosha mkono, nami nitafuta na kuandika upya. Kosa lililokwisha kutumwa kwenye kila ronjo ya Handeni nani atakwenda kulifuta?

Sikatai jaribio. Lifanye. Lakini kwenye ajenda sitaliweka mpaka nione matunda yake. Bodi haipitishi matumaini.

Msalimie kaka. Mwambie kofia aliyoisahau ninayo.

Baba yako mdogo,
Nelson Leboo.


Kwemvule,
20 Mei 2024.

Baba mdogo,

Shikamoo. Mvua imetunyeshea vizuri. Baba hajambo na anaidai kofia yake. Ng'ombe hawajambo kabisa. Yule jike mwekundu niliyepewa nilipohitimu Morogoro amezaa dume, naye baba amemzunguka siku nzima kama mkunga. Wazazi wa Noonkipa, jirani zetu, wanakusalimu pia.

Namtaja Noonkipa kwa sababu. Umeniuliza simu itauonaje uso wa mwanafunzi. Nami nakuuliza, kwa heshima yote, kengele iliuona uso wake? Alikuwa wa kwanza darasani kwa anatomia. Mwaka juzi baba yake alivunjika mguu, naye akaenda ronjo kuchunga mahali pake. Kengele ikapigwa kila asubuhi, majina yakaitwa, jina lake likanyamaziwa, mwishoni tukalikata. Bodi ilitia saini, na saini ya juu ilikuwa yako. Hakuna aliyekosea sentensi siku hiyo.

Nimemrudisha. Atakuwa katika jaribio akiishi bomani kwa baba, na kiangazi atahama na ng'ombe wa baba. Zoezi la kwanza ni chanjo ya homa ya mapafu, katikati ya Juni. Wanafunzi watatutumia idadi ya ng'ombe wa kila boma, nasi tutaagiza chanjo kwa hesabu hiyo, maana chupa ikishafunguliwa haikai. Muhsin ataipeleka kwa pikipiki ndani ya kasha la barafu, na wanafunzi ndio watakaochoma. Matokeo nitakuletea.

Nasikitika kuhusu sentensi isiyo na kitenzi. Nimeipatia kimoja.

Mwanao,
Sipora.


Masuguru,
16 Juni 2024.

Mwanangu,

Marahaba. Tumepokea mahindi mabichi uliyoyatuma kwa basi. Kondakta naye alipokea yake njiani, lakini yaliyobaki yalitosha. Furaha ya kuzaa kwa mwekundu nimeipata. Kofia atakuja kuichukua mwenyewe.

Kuhusu Noonkipa sina la kuongeza. Kanuni ilisema vile, nami nilitia saini kwenye kanuni.

Mama yako mdogo amepata somo lako la kwanza kwenye simu yake. Sijui nani alimtumia. Alinisikilizisha mezani. Unasema vizuri, hupayuki, na maelezo ya dalili za homa ya mapafu ni sahihi. Lakini unaanza kwa kusema, "Shikamooni wazee, hamjambo vijana." Unamwamkia nani? Simu? Mwalimu huamkia waliosimama mbele yake na kusubiri jibu. Wewe unaamkia halafu unaendelea bila kusubiri. Mama yako mdogo alicheka akasema nimeanza kuionea wivu simu.

Endelea na jaribio.

Nelson Leboo.


Kwemvule,
22 Julai 2024.

Baba mdogo,

Shikamoo. Sote wazima. Baba amekwisha kuhamia ronjo upande wa mto. Maji ya Kwaluguru yaliisha mapema kuliko tulivyodhani, ikabidi waondoke haraka. Ng'ombe walikuwa hawajambo walipoondoka.

Chanjo imefanyika. Wanafunzi wote wa jaribio wamechoma kwa mikono yao, na hakuna sindano iliyovunjika wala mtu aliyepigwa teke la kumlaza. Katika maboma machache chanjo iliisha kabla ya kazi kumalizika. Muhsin atarudi kukamilisha. Mtihani wa sauti wamefanya: Noonkipa amepata alama za juu, na vijana wawili ambao darasani hawakuwahi kufungua kinywa wamejibu maswali yote kwa simu, tena kwa kirefu. Wakati huu mwaka jana nilikuwa na madawati matupu, Baba mdogo. Mwaka huu nina wanafunzi porini, na wanasoma.

Uliniambia unataka matunda. Ndiyo haya. Naomba tarehe ya mkutano wa bodi mwezi Septemba, ili ikitokea tunaombwa marekebisho tuwe na nafasi kabla ya Novemba.

Sipora.


Kwemvule,
30 Agosti 2024.

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yangu ya Julai sijapata jibu lake, na kondakta anaapa kwamba aliifikisha. Baba hajambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Naomba nikukumbushe tarehe ya mkutano. Mamlaka imetuma barua nyingine. Hawaongezi muda. Edna, katibu wa bodi, anasema wajumbe wote wako tayari isipokuwa mwenyekiti hajasema neno.

Naomba jibu.

Sipora.


Masuguru,
8 Septemba 2024.

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Sisi hatujambo.

Barua yako haikutaja ng'ombe.

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena, hata za ulipokuwa Morogoro. Hakuna barua uliyoniandikia tangu ujue kuandika isiyokuwa na ng'ombe ndani yake. Hata ile ya msiba wa mama yako uliwataja.

Kaka alikuja hapa mwanzoni mwa Agosti akalala. Nilimpa kofia yake. Alikula, akasifu ugali, akauliza bei ya mabati, akaeleza habari za mchungaji mpya. Nikamwambia, "Na ng'ombe?" Akasema, "Wapo," halafu akaomba maji ya kunawa, ilhali alikuwa ameshanawa. Nimemjua mtu huyo tangu tukichunga ndama pamoja. Sikumuuliza la pili, kwa kuwa ni kaka yangu mkubwa. Wewe ni mwanangu, na nakuuliza.

Yule mwekundu wako yupo?

Tarehe sitaipanga mpaka unijibu.

Nelson Leboo.


Kwemvule,
29 Septemba 2024.

Baba mdogo,

Shikamoo.

Mambo ya nyumbani ni ya nyumbani, na mambo ya bodi ni ya bodi. Wewe ndiye uliyenifundisha kutoyachanganya. Ulinikataza nisikupigie simu kuhusu chuo hata ulipokuwa umelazwa. Sasa unaifungia bodi nzima mlango kwa sababu ya salamu.

Acha niseme wazi, maana adabu ikizidi tutakosa muda. Watu walikuona Tanga mwezi uliopita ukitoka ofisi za mamlaka. Hapa wanasema kuna mpango wa kukifunga Kwemvule na kutuunganisha na chuo kimoja cha huko Korogwe, chenye kengele, chenye ukumbi, chenye orodha ya mahudhurio. Sikutaka kuamini. Lakini muda unakwenda na mwenyekiti hasemi. Kama unataka chuo hiki kife, basi kife kwa kura, mkutanoni, watu wakiwa wamenyoosha mikono. Usikiue kwa kunyamaza.

Wanafunzi wangu wataanza kurudi katikati ya Oktoba. Watanikuta hapa, na wataniuliza. Nitawaambia nini?

Msalimie mama mdogo.

Sipora Lekakeny,
Mkuu wa Chuo.


Masuguru,
14 Oktoba 2024.

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Mama yako mdogo ameipokea salamu yako na kuniambia kwamba ndiyo peke yake iliyokuwa na joto.

Jana nilirudi kutoka Kwaluguru. Kaka amekwisha kutoka ronjo, na ng'ombe wamezuiwa bomani kwa karantini. Nililiona zizi. Sikuhesabu, lakini nina macho. Upande wa mashariki, pale walipokuwa wakilala majike wakubwa, majani yameota. Mwekundu wako sikumwona. Ndama wake yupo, ananyonyeshwa kwa chupa.

Kaka hakuniambia kitu. Nilipomwuliza alisema, "Kikohozi kilipita," kana kwamba anaongea habari za mafua ya watoto. Nilipomwuliza mara ya pili alinitazama akasema, "Nelson, yule mtoto ana kazi kubwa pale chuoni. Usiende kumharibia na maneno ya ng'ombe." Kwa hiyo ujue kwamba mnanyamaza wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake, nami nimekaa katikati kama mjinga.

Noonkipa ndiye aliyenieleza, na ilibidi nimsihi. Mlipotaka idadi alimwendea mwenye boma, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri. Kaka akamwambia, "Andika wachache tu, mwanangu, wanatosha." Naye akaandika wachache. Angeandika nini? Angesimama mlangoni awanyooshee kidole mmoja mmoja mbele ya mzee? Chanjo ikaja kwa hesabu hiyo, ikaisha na msururu ukiwa bado mrefu kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya kuchanjia. Muhsin akasema atarudi wiki ijayo. Kesho yake kisima kikakauka, wakahama. Huko ronjo wakanywa maji mamoja na ng'ombe wa watu wengine, na waliochanjwa wakasimama, na wasiochanjwa wakaanza kukohoa.

Muhsin ni mtu wa Pangani. Ng'ombe anawajua kwenye sahani. Simlaumu. Lakini rasimu yako inasema kwamba taarifa zote hupita mezani kwa mkuu wa chuo kabla chanjo haijaagizwa. Basi namba ya baba yako ilipita mezani kwako. Zizi lile unalijua tangu ulipokuwa mgongoni mwa mama yako. Na ili kuirekebisha namba ile ingekubidi umgeukie mtu wa kuja umtamkie kwa kinywa chako ng'ombe wa baba yako ni wangapi.

Usinijibu kuhusu hili. Sikuuliza.

Nikachukua rasimu niliyobaki nayo nikaifungua ukurasa wa tisa, penye maneno "idadi ya mifugo ya kila boma". Pana alama yangu nyekundu pale. Nilisahihisha mkato. Siku ile ile niliyokuandikia kwamba mtu wa kwetu haulizwi wangapi, nilikuwa nimelipitisha swali lenyewe, likiwa na mkato wake mahali panapostahili.

Mkutano ni tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi. Sitakalia kiti. Baba mdogo wa mkuu wa chuo, ambaye kaka yake ndiye aliyepata hasara, hana haki ya kuongoza kikao hicho. Makamu, Mama Bhumika, ataongoza. Siku hiyo nitakuwa Kwaluguru. Nina sharti moja: ulisimulie jambo hili mkutanoni kabla hujausoma mpango. Usipolisimulia, mpango ukipita, nitalisimulia mimi baadaye, na hapo halitakuwa na faida kwa mtu yeyote.

Kuhusu Tanga sitasema kitu.

Nelson Leboo.


Kwemvule,
11 Novemba 2024.

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo hajambo? Natumaini barua hii imekufikia hapo bomani kwa mkono wa Noonkipa, kwa kuwa basi halifiki.

Nilisimama kabla ya kusoma mpango, kama ulivyotaka. Nikasema jaribio letu limeua ng'ombe. Mama Bhumika, unamjua alivyo, anauza dawa za mifugo tangu enzi za baba yake na huwa hazunguki, akavua miwani.

"Ng'ombe wa nani, Mkuu?"

"Wa baba yangu, Mzee Lekakeny wa Kwaluguru."

"Pole sana. Wangapi?"

Nikamwambia, "Mama, swali hilo ndilo lililowaua."

Akadhani namjibu kwa jeuri. Nikaeleza. Nilieleza mambo yote, Baba mdogo, hata lile ulilosema nisikujibu; wao nimewajibu. Nilipomaliza, Muhsin alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Mkuu, si ungeniambia tu niongeze?" Kweli, ningemwambia tu aongeze. Wala haikunijia.

Mzee Simeo, anayewakilisha makanisa, akasema hapo ndipo pa kuufunga mpango na kurudisha kengele. Wengine wakaitikia. Nikawaambia kwamba hata kengele ikirudi, Juni ng'ombe watahama, na Noonkipa atahama nao. Nikausoma mpango nikiwa nimebadilisha ukurasa wa tisa. Hakuna boma litakaloulizwa idadi. Chanjo itapelekwa ya ziada, na anayeipeleka haondoki mpaka ng'ombe wa mwisho apite kwenye kibanio, hata kama ni kulala. Kila anayechomwa apigwe picha na mwanafunzi, simu iwajumlishe kimya kimya, na jumla ile isitamkwe mbele ya mwenyewe.

"Na chanjo itakayobaki ikaharibika?" Mzee Simeo akauliza.

"Itaharibika."

Mama Bhumika akasema yeye ndiye muuza chanjo na hilo halimkeri hata kidogo. Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Kura zilikaribiana. Mpango umepita kwa mwaka mmoja, si mitano. Mwakani nitasimama pale tena.

Kisha Edna akaomba asome muhtasari, na hapo akasema jambo ambalo nilikuwa silijui. Kwamba ulikwenda Tanga mara mbili, kwa nauli yako, kuwaomba mamlaka wasitufute kabla ya Novemba, na kwamba wao ndio waliokuwa wakitaka kutufuta tangu Agosti. Nilikuandikia maneno makali. Hukuyajibu. Sijui niyafute vipi, maana hayakuandikwa kwa chaki.

Nakuja Kwaluguru Jumamosi. Sijamwona baba uso kwa uso tangu Agosti. Nimekuwa nikipita njia nyingine.

Mwanao,
Sipora.


Kwaluguru,
19 Novemba 2024.

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Umeondoka hapa juzi, na mtu anaweza kuuliza kwa nini nakuandikia tulichoweza kusemezana. Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hapa sote watatu tulizungumza habari za mabati na mvua, na kaka alikuchinjia mbuzi, na hakuna aliyetaja lolote. Hiyo ndiyo namna yetu. Sikulaumu. Lakini kuna jambo moja hukuliona, kwa kuwa ulipofika lilikoma.

Nimekaa hapa tangu siku ya mkutano. Kila jioni ng'ombe wakiingia, Noonkipa huketi karibu na mlango wa zizi na simu yake, akasikiliza somo huku akikagua miguu. Kaka husimama kwenye nguzo yake. Jioni ya kwanza sauti yako ikasema, "Shikamooni wazee, hamjambo vijana." Kaka akaitikia, "Marahaba," kwa sauti, akaendelea kutazama ng'ombe. Nikadhani ni mazoea ya mdomo. Jioni ya pili akaitikia tena. Ya tatu nikamwambia, "Kaka, hiyo ni simu. Mtoto hakusikii."

Akanigeukia kama tulipokuwa wadogo na ndama wamenipotea.

"Wewe uliyesoma," akasema, "mtoto akiniamkia nimwache na shikamoo yake hewani?"

Noonkipa akaniambia kwamba amekuwa akijibu hivyo tangu ronjo, hata katika ule mwezi wa kikohozi, hata siku waliyomfukia mwekundu wako. Siku hiyo Noonkipa alitaka kuiacha simu imezimwa. Kaka akamwambia aiwashe, asikie mwalimu anasemaje.

Nilikuandikia kwamba simu haioni uso, wala haisubiri jibu. Sifuti, ni kweli. Ila nilidhani ukimya unaokuja baada ya salamu yako ni mtupu. Acha nafasi kidogo hapo kwenye masomo ya mwakani. Pumua, ndipo uendelee.

Mwakani nami nitakaa kitini, na nitakuuliza maswali magumu kama mjumbe mwingine yeyote. Rasimu mpya iandike mapema. Ukurasa wa tisa nitausoma mara mbili, na mara ya kwanza nitakuwa sina kalamu.

Kaka hajambo. Ndama wa mwekundu ameanza kula majani. Ng'ombe hawajambo, na sitasema ni wangapi.

Baba yako mdogo,
Nelson Leboo.